Kiti cha Nne

Msusi alishinda Jumanne, na Jumatano asubuhi namba yake ikawa imeshuka.

Aliiona akiwa na kichwa cha mteja mikononi. Simu aliiegemeza kwenye kopo la vitana, na kila akimaliza rasta moja aliigusa kwa kifundo cha kidole ambacho hakikuwa na mafuta. Akasoma. Akafunga, akafungua tena, kama mtu anayerudi jikoni kuhakikisha jiko limezimwa. Namba ilikuwa ile ile. Imeshuka.

"Dada, umeacha kusuka," mteja akasema.

"Nasuka."

"Unasuka hewa."

Saluni nzima ikacheka, na Msusi akacheka nao, huku akiigusa simu tena.

Klabu ya skwoshi, ule mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa raketi, ilikuwa nyuma ya ghala la matairi, ng'ambo ya barabara. Viwanja viwili, ukuta mmoja wa kioo wenye ufa kwenye kona, benchi la mbao, na watu wasiopungua ishirini ambao wangeweza kukueleza nani kagombana na nani kabla hujafunga kamba za viatu. Zamani suala la nani mkali kuliko nani liliamuliwa kwa makelele baada ya mechi, na mwenye mapafu ndiye aliyekuwa bingwa. Kisha Kocha akaleta mashine. Haikuwa mashine hasa, ilikuwa programu ya kwenye simu, lakini watu waliiita mashine na ikakubali. Unaiingizia matokeo, inatafuna usiku, na asubuhi kila mtu anakuta namba yake na nafasi yake kwenye orodha. Makelele hayakwisha. Yalihamia asubuhi tu.

Sasa mashindano ya vilabu yalikuwa yanakaribia, na Kocha alikuwa ametangaza kwamba safari hii hachagui mtu kwa uso. Wanne wa juu kwenye orodha, wanaume kwa wanawake, ndio watakaosafiri. Orodha inafungwa Jumapili usiku. Watatu wa mwanzo walikuwa mbali, hawashikiki. Kiti cha nne alikuwa amekikalia Msusi tangu mvua zianze, na alishajinunulia begi la safari, jekundu, ambalo kila mtu pale saluni alikuwa amelipima kwa kulibeba.

Leo kiti cha nne kilikuwa na jina jingine. La wifi yake.

Alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha bango la saluni, akampigia Kocha.

"Kocha, mashine yako mbovu. Nimemshinda yule dalali wa viwanja seti tatu bila."

"Najua. Seti ya tatu ulimwachia ngapi?"

Msusi akakwangua rangi ya bango kwa ukucha.

"Nane," Kocha akajijibu. "Umempa nauli ya ndege."

Pale klabuni kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha. Ukimzidi mtu sana, humwachi aondoke mikono mitupu. Seti ya mwisho unamwachia pointi nne tano, ili akifika kwake akiulizwa ilikuwaje awe na la kusema. Waliiita nauli. Kumnyima mtu nauli ulikuwa ushamba, na watu wangekusema mpaka ukome. Na Jumanne dalali alikuwa amemleta mkewe kutazama. Msusi angefanyaje? Kila dalali alipopata pointi mkewe alipiga makofi, na Msusi akashindwa kuyakatisha.

"Sasa sikiliza," Kocha akasema. "Mashine haiulizi umeshinda au umeshindwa. Inauliza hivi: nilivyokutegemea, ndivyo ulivyofanya? Wewe na dalali, ilitegemea umkung'ute. Imeona pointi nane, ikasema, kumbe huyu Msusi si mkali kiasi hicho, na dalali si dhaifu kiasi hicho. Ikakushusha wewe, ikampandisha yeye."

"Lakini nilimwachia!"

"Mashine haijui adabu, dada yangu. Inajua pointi."

"Nipe mechi nyingine kabla ya Jumapili."

"Ipo moja. Jumapili jioni." Kocha akakohoa kile kikohozi chake cha habari mbaya. "Mzee Kona amepona goti. Daktari kamruhusu. Kaniomba mechi ya kurudi, na mwenye nafasi ni wewe."

Mzee Kona alikuwa baba mkwe wake.

"Jina lake limekuwa la kijivu mwaka mzima," Kocha aliendelea, "maana asiyecheza mashine inamweka pembeni, haimhesabu. Akicheza mechi moja tu, anarudi na rangi yake. Ila mashine haina uhakika naye. Inakumbuka alivyokuwa, haijui alivyo. Kwa hiyo namba yake inaweza kuporomoka hata mara moja, yako itasogea kidogo kidogo. Ukimshinda, unampita wifi yako kwa unywele. Ukimshinda kwa kishindo, hakuna ubishi. Ukishindwa, begi lako kalirudishe dukani."

Katika yote hayo Msusi alisikia neno moja: wifi.

*

Na wifi mwenyewe alikuja Ijumaa kusukwa.

Alikuwa mfamasia, mwenye sauti ya upole kama anayekuelekeza dawa ya kutwa mara tatu, na ulimi ambao haukuhitaji kupandisha sauti. Aliketi kitini, akaegemeza kichwa, akafumba macho.

"Nisuke za safari, wifi yangu. Zisizosumbua kofia."

Wateja wawili waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele walizizima ghafla ili wasikie vizuri.

"Safari ipi tena?" Msusi akauliza, akigawa nywele kwa mkia wa kitana.

"Ya Jumatatu. Au orodha imebadilika leo?"

"Orodha inafungwa Jumapili."

"Ah. Kweli. Una mechi na Baba." Wifi akafumbua jicho moja, akamtazama kwenye kioo. "Maskini Baba. Jana kapanda ngazi ile ya mbele, akasimama katikati kama anasubiri ruhusa. Sijui Kocha ana akili gani, kumwingiza mgonjwa uwanjani. Lakini wewe hutamwumiza. Wewe una heshima. Hata dalali ulimheshimu."

Mmoja wa wale wateja akaguna.

"Aaah! Wifi! Hiki ni kichwa, si kamba ya kuanikia nguo!"

"Samahani. Mkono umeteleza."

"Haujateleza, umevuta."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha meno. Walipendana, hilo hakuna aliyelikataa. Wifi ndiye aliyekesha naye hospitali kila alipojifungua. Lakini walikuwa wakipimana tangu siku ya kwanza: nani kamnunulia Baba shati zuri zaidi, mtoto wa nani katambaa mapema, na sasa hii namba, ambayo ilikuja kama imeagizwa maalumu kwa ajili yao.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana wote waliishi ua mmoja: Baba mbele, wifi na watu wake ubavuni, Msusi na mumewe nyuma. Mumewe alikuwa fundi friji, na ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mechi za Jumapili.

"Utahesabu vizuri?" Msusi akamwuliza jikoni.

"Nitahesabu ninachokiona. Wewe mke wangu, yule dada yangu, yule baba yangu. Nimeshafikiria kuugua."

"Nifanyeje, baba watoto? Nikimchapa, dada yako ataniimba ua mzima kwamba nimempiga mzee mgonjwa. Nisipomchapa, anakwenda yeye."

"Hiyo sahani umeiosha mara tatu."

"Sijaimaliza."

"Itatoboka, mama."

Alilala upande huu, akageuka upande ule. Baba ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo. Alipoolewa hakuwa amewahi kushika raketi; mzee akampa yake ya zamani, yenye mpini uliofungwa plasta, akamfundisha akisimama nyuma yake na kusema, mkono usishuke, mwanangu, kifundo kikishuka mpira unakula bati. Bati ni ule ubao wa chini ya ukuta wa mbele. Mpira ukiugusa unalia kama sufuria iliyoanguka, na pointi imekwenda. Kwa maneno hayo hayo sasa akamtandike mbele za watu?

*

Jumapili benchi lilijaa, na waliokosa nafasi wakasimama. Hata dalali alikuja na mkewe. Wifi alikaa katikati kabisa, karibu na ufa wa kioo, rasta zake zikimetameta, mkoba magotini.

Mzee Kona aliingia na kifuniko cha goti cheusi na kaptula iliyonyooshwa pasi. Jina lake lilitokana na mipira yake ya kona: ilikuwa ikifika pale pembeni mbele, inagusa ukuta, inakufa. Haidundi. Inalala kama iliyochoka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Usinionee huruma."

"Siwezi, Baba."

Seti ya kwanza ikaisha kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Kumi na moja kwa nne. Ya pili, kumi na moja kwa tatu. Mpira wa mzee ulikuwa unalia kwenye bati kila mara, na kila ulipolia benchi liliguna kwa huruma. Dalali alisikika akisema, "Goti jamani, goti si mchezo."

Msusi hakufurahi. Alikuwa anashinda kwa kishindo kama Kocha alivyotaka, lakini ngozi ilimwasha. Alijifuta jasho mahali pasipo na jasho. Alimtazama wifi, na wifi alikuwa amekaza midomo.

Seti ya tatu, nane kwa moja. Msusi akapiga mpira mwepesi katikati. Safari hii hakuutazama mpira, alimtazama mzee. Akaona mguu umefika mapema. Akaona bega limegeuka vizuri, goti limekunjika bila kulalamika. Kila kitu kiko mahali pake. Na mwisho kabisa, kifundo cha mkono kikashuka.

Bati likalia.

Kifundo kile alikijua. Alifundishwa nacho. Mzee hakukosea, mzee alikuwa anashusha mkono kwa makusudi.

Ananipa kiti, akawaza. Ananipa mimi, anamnyima mwanawe, na mwanawe amekaa pale anaona. Ua ule nitauingiaje leo? Nitaambiwa mpaka nizeeke: ulipewa. Na hakuna namna ya kumwambia baba mkwe mbele ya watu, wewe Baba, unajifungisha.

Basi akafanya kitu pekee alichokijua. Akamrudishia. Ilikuwa tisa kwa moja. Akapiga mpira nje ya mstari wa juu, kwa mbali, hata mtoto angeona. Tisa kwa mbili. Mzee akakunja uso, akataka kupiga bati. Hakuwahi, Msusi alimtangulia kwa kupiga bati yeye. Tisa kwa tatu. Mzee akaanza kuharakisha makosa yake, Msusi akaharakisha ya kwake, na kwa kuwa miguu ya Msusi ilikuwa na miaka michache zaidi, alikuwa anawahi kukosea.

"Tisa kwa... sita?" fundi friji akatangaza, sauti ikipanda mwishoni kama anayeuliza bei.

"Hawa wanacheza," mtu akasema kwenye benchi, "au wanapishana mlangoni? Pita wewe, hapana, pita wewe."

Benchi likavunjika mbavu. Kocha peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja mikono.

Tisa kwa nane, mzee akanyoosha mkono. "Kamba ya kiatu."

Msusi akawahi kupiga magoti amfungie, kama ambavyo mkwe angefanya. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri kabisa. Mzee akainama, akanong'ona kwa hasira.

"Wewe mtoto, unaniharibia!"

"Baba, siwezi kupokea. Wifi anaona. Usimnyime mwanao kwa ajili yangu."

"Nani kamnyima nani? Mnadhani kila kitu ni nyinyi wawili." Akavuta pumzi. "Jina langu la kijivu lina namba gani, umewahi kuangalia?"

Hakuwahi. Hakuna aliyewahi. Wiki nzima ua mzima ulikuwa ukitazama namba mbili.

"Iko juu yenu nyote wawili," mzee akasema. "Nikicheza leo nikapata pointi za maana, nakaa kiti cha nne mimi. Nikichapwa sana, naporomoka, napita zangu, mmoja wenu anakaa. Yupi, sikutaka kujua. Nimetaka kutoka njiani tu nikacheze na wazee wenzangu wanaocheza asubuhi."

"Ungesubiri Jumatatu, Baba. Siku moja."

"Siku moja!" Mzee akatazama ukuta mweupe wa mbele, wenye alama nyeusi za mipira. "Nimekaa mwaka mzima natazama kuta zisizopigwa kitu. Nilipoambiwa naruhusiwa, sikufika hata nyumbani, nilikwenda kwa Kocha na faili la hospitali mkononi. Haya, simama. Nipige hizo mbili, tuondoke."

Pointi mbili. Angezichukua, seti tatu bila, mzee aporomoke, kiti kiwe chake, na begi jekundu lipakiwe usiku huo huo. Hata hizo saba alizorudisha huenda zisingeharibu sana. Msusi alisimama. Miguu haikutulia, ilikuwa ikikanyaga pale pale. Wiki nzima alikuwa amewashwa na kitu ambacho alidhani ni kiti, na sasa akiwa amesimama mbele ya yule aliyemfundisha, akagundua kwamba hajui hata kama anaweza kumshinda. Mashine ndiyo isiyo na uhakika naye? Yeye je?

"Baba," akasema, na hakunong'ona. "Cheza."

"Umesikia nilichokuambia?"

"Nimesikia. Cheza."

Mzee akafungua mdomo kama anayetaka kukataa, na badala yake akazungusha raketi mkononi mara moja, taratibu, kama mtu aliyekuta funguo zake mfukoni.

Mpira uliofuata ulikwenda kona. Ukagusa ukuta, ukalala.

Benchi likasimama. Seti ile mzee aliichukua kumi na mbili kwa kumi, na ya nne ikawa kitu ambacho watu walikuwa bado wanakisimulia mwezi uliofuata, kila mtu kwa namna yake. Mzee alikuwa hakimbii, alikuwa anakuwepo tu pale mpira unapofika. Msusi alikimbia kwa ajili yao wote wawili. Alijigonga ukutani, akachubuka kiwiko, akakosa pumzi ya kutukana. Hakuna aliyempa mwenziwe kitu. Kumi kwa kumi, mzee akaweka kona nyingine, na Msusi akajirusha, akaufikia ukiwa unataka kulala, akauinua. Kumi na moja kwa kumi. Kisha kumi na mbili. Mechi, seti tatu kwa moja.

Wifi ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Hakujua alikuwa anampigia nani, na usoni ilionekana hakujali.

*

Asubuhi ya Jumatatu saluni ilikuwa haijafagiliwa. Msusi alikuwa amesimama katikati na ufagio, simu mkononi. Namba yake ilikuwa imepanda. Alikuwa amempita wifi yake, kwa unywele kama Kocha alivyosema. Na alikuwa wa tano.

Wa nne jina lake lilikuwa limerudi na rangi yake, jeusi, limekoza.

Mlango ukafunguliwa. Mzee aliingia akichechemea kidogo, akaketi kwenye kiti cha wateja, akajitazama kichwa chenye upara kwenye kioo.

"Nimekuja kusukwa."

"Baba!"

"Haya, nisikilize basi. Gari linaondoka saa sita. Nikimwambia Kocha goti limevimba, anachukua anayefuata. Anayefuata ni wewe. Sema neno moja tu. Wifi yako hatajua, na goti langu halina shahidi."

Ufagio ukasimama. Kwenye ndoano nyuma ya mlango begi jekundu lilikuwa linaning'inia, karatasi za dukani bado zimo ndani. Neno moja. Alilisikia kabisa likiwa mdomoni. Akafikiria ule mpira wa mwisho, ulivyokuwa unataka kulala akaunyanyua, na jinsi mashine ilivyoutazama, ikapima, ikasema, bado.

Akaendea ndoano, akalishusha begi, akatoa karatasi, akamwekea mzee magotini.

"Nenda wewe, Baba."

"Mwanangu—"

"Nenda. Kaa kwenye kiti hicho vizuri, ukizoee." Alikuwa ameshaanza kufagia, kwa nguvu, mahali pasipo na nywele. "Ukirudi, ninakuja kukutoa mwenyewe."

Mzee akalipima begi kwa kulibeba, kama walivyofanya wote. Akacheka kwa pua.

"Na nauli?"

"Hupati hata ya mguu mmoja."

Alipotoka, Msusi alimsindikiza kwa macho mpaka akavuka barabara, begi likigonga kwenye goti lile lile. Kisha akaigusa simu. Alijua kabisa mashine haitafuni kitu mpaka pawe na mechi nyingine, na namba haiwezi kubadilika. Akaifungua. Akaifunga. Akaifungua tena.